Ripoti ya mwaka ya taasisi ya taaluma mtambuka: mafanikio yapi ni ya taasisi yenyewe?

Mratibu wa Utafiti ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa ripoti ya mwaka ya taasisi ya utafiti iliyo chini ya chuo kikuu, na tangu nianze kukusanya taarifa nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama. Taasisi hii haina wanafunzi wa shahada ya kwanza wala haiajiri wahadhiri wake yenyewe. Watafiti wake wote wana makao yao katika idara za chuo, wengine uhandisi, wengine tiba, wengine sosholojia, isimu, hisabati na sayansi ya kompyuta, nao huja kwetu kwa ajili ya miradi ambayo idara moja peke yake isingeweza kuibeba. Tuna jengo, maabara mbili za pamoja, mfuko mdogo wa kuanzishia miradi, na kundi la wanafunzi wa uzamivu ambao kila mmoja ana wasimamizi wawili kutoka fani tofauti.

Fomu niliyopewa inataka idadi ya makala zilizochapishwa, fedha za utafiti zilizopatikana, tuzo, hataza, wanafunzi waliohitimu na mikutano iliyoandaliwa. Nilipoanza kuijaza niligundua kwamba karibu kila nilichokihesabu kilikwisha kuhesabiwa na idara fulani. Makala iliyoandikwa na mhandisi na daktari imo katika ripoti ya kitivo cha uhandisi, imo tena katika ripoti ya kitivo cha tiba, na sasa mimi naiandika kwa mara ya tatu. Ruzuku nazo zimesajiliwa kwenye idara ya mtafiti mkuu, hata pale ambapo andiko zima la kuomba fedha lilitungwa katika chumba chetu cha mikutano. Mkuu wa kitivo kimoja aliniuliza, bila ubaya wowote, kwamba ikiwa mafanikio yote tunayoyataja tayari ni ya vitivo, taasisi yenyewe imefanya nini mwaka huu. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na swali lake halijanitoka akilini.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ninayoyaona kila siku ambayo fomu haina nafasi nayo. Kuna mtakwimu na mwanasosholojia waliotumia miezi kadhaa kukubaliana maana ya neno "hatari", kwa kuwa kwa mmoja ni uwezekano wa tukio kutokea, na kwa mwingine ni jinsi watu wanavyoliona na kuliogopa tukio hilo. Walipokubaliana, dodoso lao lote lilibadilika. Kuna fundi wa maabara aliyetengeneza kifaa cha kupimia ambacho sasa kinatumiwa na miradi mitatu isiyohusiana, na jina lake halimo katika makala hata moja. Kuna mradi uliosimamishwa baada ya watafiti kubaini kwamba vihisio vyao havikupima kile walichodhani vinapima, jambo ambalo mwenye kuligundua alikuwa mwanafunzi wa fani nyingine kabisa.

Naomba ushauri wenu katika mambo matatu. Je, kuna njia ya haki ya kutenganisha mafanikio ya taasisi na yale ya idara? Je, huo uvukaji wa mipaka ya fani unaweza kupimwa, au tuuache ubaki kuwa maneno matamu ya utangulizi? Na mradi uliosimamishwa, uandikwe au unyamaziwe?

Mkutubi wa Takwimu za Utafiti amejibu:

Ndugu Mratibu, nianze na lile la kuhesabu mara mbili au tatu, kwa sababu ndilo jepesi zaidi kati ya yote uliyoyataja. Kuiandika makala moja katika vitivo viwili na taasisi moja si udanganyifu, ilimradi hakuna anayezijumlisha hesabu hizo mahali pengine na kutangaza kwamba chuo kimechapisha makala tatu. Sisi hutofautisha hesabu kamili, ambapo kila mshiriki hupewa makala nzima, na hesabu ya mafungu, ambapo makala moja hugawanywa kwa idadi ya waandishi. Makala yenye waandishi wanne, wawili kati yao wakiwa wameitaja taasisi yenu kuwa makao yao, itawapa nusu. Toa hesabu zote mbili na ueleze kwa sentensi moja jinsi ulivyozipata, kwani msomaji makini ataiamini nusu iliyoelezwa kuliko jumla kubwa isiyo na maelezo. Jihadhari na jambo moja la kiutendaji: watafiti wengi makala inapochapishwa huandika idara pekee chini ya majina yao na kuisahau taasisi, na hapo hifadhidata haina namna ya kukusaidia. Namba ya ORCID, ambayo imekuwa ikitolewa tangu 2012, humtambulisha mtu, lakini haitakuambia wazo lilizaliwa katika chumba gani. Itakubidi uwaulize wenyewe, mmoja mmoja.

Swali la pili lina kina zaidi, nami siafiki kwamba uvukaji wa mipaka hauwezi kupimwa. Andy Stirling wa Chuo Kikuu cha Sussex, katika makala yake ya 2007 kuhusu uanuwai, alitenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: idadi ya makundi yaliyopo, uwiano wa ukubwa wa makundi hayo, na umbali kati ya kundi na kundi. Timu yenye mwanafizikia, mkemia, mhandisi wa umeme na mhandisi wa mitambo ina fani nne, lakini wote wamelelewa na hisabati zilezile na huenda wanasoma majarida yanayokaribiana. Timu yenye mwanaisimu na daktari wa mishipa ya fahamu ina fani mbili tu, ilhali umbali walioukata ni mkubwa zaidi. Na pale ambapo watafiti tisa wa kompyuta wamemwita mwanasosholojia mmoja dakika za mwisho ili awatengenezee dodoso, idadi itasema fani mbili, lakini uwiano utamwonesha msomaji kwamba yule mmoja alikuwa mgeni tu katika mradi wa wengine.

Vipimo hivyo vitatu unaweza kuvipata kwa kuangalia orodha ya marejeo ya kila makala badala ya orodha ya waandishi. Yapange marejeo kwa fani, kisha utazame. Nimeona makala zenye waandishi wa vitivo vitatu ambazo marejeo yake yote yanatoka fani moja, maana yake wenzao walitia saini lakini maarifa yao hayakuingia. Nimeona pia makala ya mtu mmoja ambaye kichwani mwake amebeba fani mbili kwa ukamilifu. Hata hivyo usije ukaufanya umbali mkubwa kuwa sifa kwa nafsi yake. Brian Uzzi na wenzake walipochambua makala milioni 17.9 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliona kwamba kazi zilizorejelewa sana aghalabu zilijengwa juu ya mchanganyiko wa maarifa uliozoeleka, kisha ukapenyezwa humo mchanganyiko kidogo usio wa kawaida. Mguu mmoja ulibaki nyumbani.

Nakusihi pia usiweke kigezo cha athari cha majarida (impact factor), yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hurejelewa, hata kama fomu ina safu yake. Kigezo hicho kilitokana na kazi ya Eugene Garfield, na katika sura yake ya kawaida hutazama marejeo yanayotolewa katika mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia tu. Kwa kazi za aina yenu muda huo hautoshi. Jian Wang, Reinhilde Veugelers na Paula Stephan walionesha mwaka 2017 kwamba makala zenye miunganiko mipya ya maarifa huchelewa kutambuliwa: kwa miaka ya mwanzo hazionekani kuwa na lolote la ziada, na baada ya muda mrefu huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia miongoni mwa zinazorejelewa kuliko zote, ingawa mara nyingi zilichapishwa katika majarida yenye kigezo cha chini. Mwaka 2012 Ismael Rafols na wenzake walilinganisha, nchini Uingereza, vituo vya utafiti wa uvumbuzi na shule za biashara, wakaona kwamba orodha za kuyapanga majarida kwa daraja ziliwapunja wale wa kwanza, ambao ndio waliokuwa wakivuka fani nyingi zaidi. Ukiiweka safu ile, utakuwa unawashauri watafiti wako, bila kukusudia, wabaki idarani kwao. Angalia kama chuo chenu kimetia saini Azimio la San Francisco la Tathmini ya Utafiti, lililotangazwa 2013, maana linatoa wito wa kuacha kutumia vipimo vya jarida kama mbadala wa kuipima kazi yenyewe. Kama kimetia saini, una hoja rasmi ya kuiacha safu hiyo wazi.

Mkurugenzi Mstaafu amejibu:

Mratibu, nimeongoza taasisi ya namna hii kwa miaka mingi na nimetia saini ripoti nyingi zilizoacha nje mambo yaliyokuwa na uzito kuliko yaliyoingizwa. Naandika kwa sababu naona unataka kulikwepa kosa ambalo mimi nililirudia.

Hebu tufikiri ripoti ya mwaka 1940 ya Shule ya Patholojia ya Sir William Dunn, pale Chuo Kikuu cha Oxford, ingesomekaje kwa fomu yako. Howard Florey, mwanapatholojia kutoka Australia, alikuwa amemleta Ernst Chain, mwanabiokemia aliyeondoka Ujerumani Wanazi waliposhika madaraka, na pamoja nao alikuwepo Norman Heatley, mwanabiokemia kijana mwenye kipaji cha kuunda vyombo kwa mikono yake. Penisilini, dawa ya kuua bakteria inayotokana na ukungu (aina ya kuvu), ilikwisha kuelezwa na Alexander Fleming mwaka 1929, lakini kuitoa katika majimaji ya ukungu bila kuiharibu kulikuwa kumewashinda watu. Heatley alipendekeza kwamba baada ya kuvutwa kwenye etha, kimiminika cha kuyeyushia, irudishwe tena kwenye maji kwa kubadilisha hali ya asidi, na njia hiyo ikafaulu. Tarehe 25 Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria hatari, wakawapa wanne kati yao penisilini. Panya wasiopewa dawa walikufa kabla ya kupambazuka, na waliopewa wakawa hai. Mwezi Agosti matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet. Panya wanane na makala moja fupi, na hapo fomu yako ingekuwa imejaa.

Mwaka uliofuata ungeonekana mbaya zaidi. Februari 1941 walianza kumtibu askari polisi aliyekuwa na maambukizi makali. Hali yake ilianza kuwa nzuri, lakini dawa ikaisha, ingawa waliichuja hata kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie, naye akafariki mwezi Machi. Mtu anayejaza visanduku angeandika kwamba mgonjwa amekufa. Mtu anayeuelewa mradi angeandika kwamba dawa inafanya kazi ndani ya mwili wa binadamu na kwamba kikwazo sasa ni kiasi chake, na sentensi hiyo ina thamani kuliko makala kumi, kwa sababu inamwambia msomaji fani gani inahitajika kuingia mezani baada ya hapo. Kikwazo kilikuwa kimetoka kwenye tiba na biokemia kikahamia kwenye uzalishaji. Florey na Heatley walisafiri kwenda Marekani katikati ya mwaka huohuo kutafuta watu wa kuwasaidia katika hilo.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinajibu swali lako la tatu na nusu ya lile la kwanza. Andika mradi uliosimamishwa. Eleza vihisio vilitakiwa kupima nini, vilipima nini, nani aligundua na kwa nini mtu wa fani ile ndiye aliyeweza kugundua. Hakuna ushahidi bora wa kwamba taasisi yenu inafanya kazi kuliko mwanafunzi wa fani nyingine kuwa na nafasi ya kukaa maabarani, kuuliza swali ambalo wenyeji walikwisha kuzoea kutoliuliza, na kusikilizwa. Nimewahi kuona mahali ambapo swali kama hilo liliulizwa na mwulizaji akaambiwa arudi kwenye somo lake, na mradi ukaendelea miaka miwili zaidi ukizalisha data zisizofaa. Hasara hiyo haikuandikwa popote.

Halafu fundi wako. Nyumbani kwa ukungu ule wa Oxford kulikuwa mwanzoni mabakuli ya kujisaidia wagonjwa, mpaka Heatley alipobuni vyombo vya kauri vya kuukuzia, na wasichana walioajiriwa kwa kazi hiyo wakawa wanavihudumia siku baada ya siku. Tuzo ya Nobel ya 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Oxford ilimtunuku Heatley shahada ya heshima ya udaktari wa tiba mwaka 1990, akiwa mtu wa kwanza asiye daktari kupewa heshima hiyo katika historia yote ya chuo kile. Karibu nusu karne ilipita. Wewe una nafasi ya kuliandika jina la fundi wako mwaka huuhuu, na ukiliacha kwa sababu fomu haina safu, utakuwa umeamua pamoja na fomu.

Kuhusu mfuko wa kuanzishia miradi nina neno moja tu. Ukiona kila mradi uliopata fedha zile umefanikiwa, waambie wenzako kwamba mfuko unapelekwa kwenye kazi ambazo idara zingezigharimia zenyewe.

Mtafiti wa Baada ya Uzamivu amejibu:

Nawaheshimu wazee wangu waliotangulia, na kisa cha Heatley kimenigusa sana, lakini ningeomba upande wetu nao usikike kabla Mratibu hajaziweka kando safu zote za fomu. Mimi nimemaliza uzamivu chini ya wasimamizi wawili, mmoja wa hisabati na mmoja wa biolojia, katika taasisi kama hiyo. Nilipoanza kuomba kazi, kamati ya idara ya hisabati iliniona mwanabiolojia, na ya biolojia ikaniona mwanahisabati. Kilichonisaidia hatimaye ni orodha ya makala na barua ya mkurugenzi iliyoeleza kinagaubaga nilifanya nini katika kila moja. Masimulizi mazuri ya ripoti yanaipa heshima taasisi, lakini mtu binafsi hawezi kuyabeba kwenda nayo kwenye usaili.

Hali hii haikunikuta mimi peke yangu. Lindell Bromham na wenzake walichambua zaidi ya maandiko 18,000 yaliyowasilishwa kwa Baraza la Utafiti la Australia katika miaka mitano, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba kadiri andiko lilivyochanganya fani zilizo mbali, ndivyo nafasi yake ya kupata fedha ilivyopungua. Erin Leahey na wenzake wakaonesha mwaka 2017 kwamba wanasayansi wanaovuka fani huchapisha makala chache zaidi, ingawa kazi zao hurejelewa zaidi. Kwa hiyo ripoti ikisema tu kwamba taasisi ina wanafunzi wenye wasimamizi wawili, imesifia daraja bila kueleza waliovuka walifikia wapi. Naomba iseme kila mhitimu amekwenda wapi, ametumia muda gani kumaliza akilinganishwa na wenzake wa idara, na kama alichelewa, alichelewa kwa sababu ipi. Katika kundi letu sababu kubwa haikuwa ugumu wa utafiti. Ilikuwa ni kupata sahihi za watu wawili wenye ratiba mbili na kanuni mbili za tasnifu.

Kuhusu fundi, mfumo wa majukumu 14 ya wachangiaji unaoitwa CRediT umekwisha kukubaliwa na wachapishaji wengi, na miongoni mwa majukumu hayo yamo kushughulikia data, kuandika programu na kutoa vifaa. Taasisi inaweza kuutumia katika ripoti yake hata pale ambapo jarida halikuutumia. Mtu akitajwa pamoja na jukumu lake, anaweza kuikata karatasi ile na kuiambatisha kwenye maombi yake ya kazi.

Mtathmini wa Miradi amejibu:

Huwa naitwa kutathmini taasisi za aina hii, kwa hiyo naongeza neno upande wa msomaji. Swali alilokuuliza mkuu wa kitivo ndilo swali ninalokwenda nalo mimi kila mara, na jibu lake halimo katika hesabu yoyote ya makala. Chukua kazi zote za mwaka, uwaulize wahusika kwa maandishi: je, kazi hii ingefanyika kama taasisi isingekuwepo, na kama ingefanyika, ingekuwa tofauti kwa namna gani? Watakujibu kwa unyoofu kuliko unavyotarajia, hasa ukiwaahidi kwamba jibu la "ingefanyika vilevile" halitawapunguzia chochote. Kazi zilizojibiwa hivyo ziache ziende kwa idara zao kwa moyo mweupe. Zitakazobaki, hata zikiwa chache, ndizo za taasisi, na mkuu wa kitivo hatakuwa na la kubishana nawe.

Jambo la pili ni muda. Ripoti inayokatwa kwa mwaka mmoja huiadhibu kazi ambayo miezi yake ya kwanza huisha katika kujifunza lugha ya mwenzako. Mfano wako wa neno "hatari" ni mafanikio halali ya mwaka, mradi uoneshe dodoso la kabla na dodoso la baada. Mimi nikiwekewa kurasa hizo mbili mkononi nitauelewa mradi kuliko nikisoma aya tano kuhusu moyo wa ushirikiano. Na kwa miradi iliyozaliwa miaka mitatu iliyopita, rudi nyuma: mlisema nini wakati ule, kimetokea nini, mlichokosea ni kipi.

Sikubaliani na Mkutubi katika jambo moja dogo. Vipimo vya Stirling ni vizuri, lakini kwa taasisi yenye makala chache kwa mwaka hesabu zake zitayumba kwa sababu ya makala moja au mbili tu. Zitumie kwa miaka mitano ikiwa pamoja, au usizitumie.

Mkutubi wa Takwimu za Utafiti amejibu:

Nakubali marekebisho hayo. Kwa idadi ndogo, jedwali la kawaida linaloonesha fani za marejeo kwa kila makala litatosha, bila kuligeuza kuwa kipimo kimoja.

Mratibu wa Utafiti amejibu:

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka kwanza nilijaribu lile alilolipendekeza Mtathmini kabla sijasema lolote.

Nimewaandikia watafiti wote walioorodhesha kazi kwetu mwaka huu, nikawauliza kama kazi hiyo ingefanyika bila taasisi. Zaidi ya nusu ya waliojibu wamesema ingefanyika vilevile, na wengi wao wameeleza kwamba walitaja jina letu kwa heshima tu, au kwa sababu mkutano wa kwanza ulifanyikia kwetu. Nilisononeka kidogo kuyasoma majibu hayo, kisha nikaona kwamba yaliyosalia yana nguvu ambayo orodha ndefu haikuwa nayo. Mtafiti mmoja wa tiba ameandika ukurasa mzima kuhusu jinsi mhandisi aliyekaa meza ya jirani alivyomwonesha kwamba tofauti aliyokuwa akiiona kati ya wagonjwa wa asubuhi na wa jioni ilitokana na joto la kifaa wala si la wagonjwa. Hiyo haikuwa makala ya mtu yeyote. Ni makala yenye kosa ambayo iliepukwa kabla haijachapishwa, na nimeipa nafasi ya kwanza katika rasimu.

Mradi wa vihisio nimeuandika kwa idhini ya timu yake, na mwanafunzi aliyegundua tatizo ametajwa kwa jina, jambo ambalo msimamizi wake wa pili ndiye aliyelisisitiza. Fundi naye ametajwa pamoja na majukumu yake, na miradi mitatu inayotumia kifaa chake imeorodheshwa chini ya jina lake. Nilipompelekea ukurasa huo ausahihishe, alinirudishia akiwa ameongeza jina la msaidizi wake ambaye mimi sikumjua.

Lililo gumu ni la wahitimu. Nimefuata ushauri wa Mtafiti, nikakusanya muda ambao kila mmoja alitumia kumaliza, na ni kweli kwamba wa kwetu wanachelewa kuliko wenzao wa idara. Sababu ni ileile aliyoitaja: kanuni mbili za tasnifu. Nimeliandika hilo waziwazi na kupendekeza kwamba vitivo vikubaliane kanuni moja kwa wanafunzi wenye wasimamizi wawili. Mkurugenzi wetu anahofu kwamba sehemu hiyo itasomwa kama lawama kwa vitivo, naye anataka ihamishiwe katika barua ya ndani. Mimi naona ikihama haitasomwa tena na mtu. Rasimu inakwenda kwenye bodi wiki ijayo, na kama yupo kati yenu aliyewahi kuiweka taarifa ya namna hiyo mbele ya wakuu wa vitivo, naomba anieleze aliitanguliza kwa maneno gani.

Mkurugenzi Mstaafu amejibu:

Usiitangulize kwa maneno. Kabla ya kikao, mpelekee kila mkuu wa kitivo kanuni zake na za mwenzake zikiwa zimewekwa sambamba katika ukurasa mmoja, pamoja na miezi ambayo mwanafunzi mmoja alipoteza kati ya sahihi ya kwanza na ya pili. Anza na yule aliyekuuliza taasisi imefanya nini mwaka huu.